Mtoto Anakosa Shule Kila Mara kwa Kuumwa: Uanzie Wapi?

Swali hili hurudi kila muhula, maneno tu ndiyo yanayobadilika. Mama mmoja anauliza kama mwanawe wa darasa la pili ataingia la tatu hajui kusoma kwa sababu ya homa zisizokwisha. Baba anataka kujua kama shule ina haki ya kumwita mtoto wake mtoro ilhali vyeti vya hospitali vimejaa kabatini. Bibi anayelea mjukuu anauliza kwa ufupi: nimpeleke au nimwache alale?

Mtoto wa namna hii ana matatizo matatu kwa pamoja, na wengi wetu tunapambana na moja tu. Kuna ugonjwa wenyewe. Kuna taarifa, yaani nani shuleni anajua nini kuhusu huyu mtoto. Na kuna masomo yaliyompita akiwa kitandani. Daktari hatakusaidia kwenye la pili, mwalimu hana uwezo juu ya la kwanza, na la tatu, utake usitake, litamalizikia mezani kwako. Yote matatu yanaanzia mahali pamoja, na mahali penyewe ni pa bei rahisi.

Siku ngapi ndiyo nyingi?

Mzazi anapoulizwa mtoto amekosa siku ngapi, hujibu "siyo nyingi sana." Ukifungua daftari la mahudhurio unakuta kumi na tano.

Kalenda ya masomo ya Tanzania imekuwa na siku 194 kwa mwaka. Katika nchi kama Marekani, mwanafunzi akikosa asilimia 10 ya siku za masomo, kwa sababu yoyote ile, huhesabiwa kuwa yuko hatarini kuachwa nyuma. Kwa kalenda yetu hizo ni siku 19 hivi. Ukizigawa, ni siku mbili kila mwezi. Siku mbili hazimtishi mtu, na ndiyo maana hazionekani: leo mafua, wiki ijayo tumbo, mwezi ujao homa, na kila safari mzazi anaiona kama jambo jipya lisilohusiana na lililopita.

Basi chukua hii kama kipimo chako. Akifikisha siku tano ndani ya muhula mmoja, anza hatua zinazofuata. Usingoje kikao cha wazazi.

Kwanza kabisa, daftari

Nunua daftari dogo la kurasa arobaini. Simu nayo inafaa, lakini simu hupotea, huisha chaji, na baba akisafiri nayo basi kumbukumbu zimesafiri. Daftari hukaa pamoja na kadi ya kliniki, na yeyote aliye nyumbani, hata dada wa kazi, anaweza kuandika. Kila mtoto anapoumwa, andika:

- tarehe na siku ya wiki;
- dalili ilianza saa ngapi, na iliisha lini;
- joto, kama una kipimajoto;
- kipimo alichofanyiwa na jibu lake;
- dawa aliyopewa kwa jina, na kama alimaliza dozi;
- jana yake alifanya nini, alikula nini, alicheza wapi;
- alikosa shule au hakukosa.

Mstari wa mwisho na ule wa "jana yake" ndiyo wazazi huiruka, na ndiyo yenye faida kubwa. Tazama ukurasa wa mfano, wa mtoto wa darasa la nne:

*Jumatano 22/1. Kikohozi usiku kucha, kifua kinabana. Malaria: hasi. Dawa ya kikohozi ya maji. Jana: zamu ya kufagia darasa. Hakwenda shule.*

*Jumatano 5/2. Kikohozi tena, hakulala. Duka la dawa: amoksilini, kameza siku mbili akaacha. Jana: zamu ya kufagia. Hakwenda.*

*Jumamosi 8/2. Mzima, kacheza mpira mpaka jioni.*

*Jumatano 19/2. Kikohozi, kupumua kwa mluzi. Jana: zamu ya kufagia. Hakwenda.*

Mzazi aliyeishi siku hizo moja moja aliona "mafua matatu" na akanunua dawa tatu. Daktari akisoma mistari minne hiyo anauliza swali moja tu: kuna mwenye pumu katika ukoo? Vumbi la darasani na la chaki linatosha kumwamsha mtoto mwenye pumu usiku. Hakuna kipimo cha maabara ambacho kingemwonyesha daktari zamu ya kufagia.

Utasema: mimi nakumbuka kila kitu, wa nini uandishi? Unakumbuka la jana na la mwaka juzi alipolazwa. Ya katikati yamechanganyika, na ukiwa mbele ya daktari mwenye foleni ya watu arobaini nje, utasema "anaumwaumwa tu," naye ataandika hivyohivyo.

Abaki au aende?

Kila asubuhi ya ugonjwa kuna dakika kumi za mabishano. Zipunguze kwa kukubaliana mapema nyumbani. Abaki nyumbani kama:

- ana homa, kipimajoto kikionyesha nyuzi 38 au zaidi; arudi shule akikaa siku nzima bila homa na bila dawa ya kuishusha;
- anatapika au anaharisha; arudi siku moja au mbili baada ya kuacha kabisa;
- ana tetekuwanga, mpaka malengelenge yote yakauke na kuwa magamba;
- ana surua, mpaka zipite siku nne tangu vipele vitokee; au matumbwitumbwi, siku tano tangu mashavu yavimbe;
- macho ni mekundu na yanatoa tongotongo nzito. Waliokuwa Dar es Salaam Januari 2024 wanakumbuka ugonjwa wa macho ulivyoruka kutoka dawati hadi dawati;
- anapumua kwa shida au hana nguvu hata ya kucheza.

Aende shule kama ana mafua mepesi bila homa, kikohozi kinachomalizikia huku akicheza, mapunye yaliyoanza kupakwa dawa, au kidonda kilichofungwa. Nasisitiza hili la mafua kwa sababu wapo wazazi waoga, na mimi nawaelewa: mtoto aliyewahi kulazwa humfanya mama ashtuke kwa chafya moja. Lakini siku zinazopotea kwa chafya ni siku halisi, nazo huhesabiwa.

Kosa moja linafanywa na wazazi wenye nia njema kabisa. Mtoto anaamka na homa, anapewa panadoli saa kumi na mbili asubuhi, homa inashuka, anavalishwa sare. Ikifika saa nne dawa imekwisha nguvu, homa imepanda, mtoto amelaza kichwa kwenye dawati na mwalimu anahangaika kutafuta namba ya simu. Siku hiyo hakusoma, hakupumzika, na huenda amewaambukiza wenzake.

Na kuna hali ambazo hakuna kujadili, ni hospitali mara moja: degedege, kushindwa kunywa maji, usingizi usioamshika, shingo kukakamaa, kupumua haraka huku mbavu zikiingia ndani, weupe wa ghafla wa viganja na midomo, au mkojo mweusi kama kahawa. Ndugu wakitaka aombewe, aombewe akiwa njiani.

"Homa" siyo jina la ugonjwa

Ukienda zahanati na daftari lako, nenda na swali pia. Wengi hutoka na dawa bila kujua mtoto kaambiwa anaumwa nini. Uliza hivi, kwa adabu na bila woga:

1. Daktari, ugonjwa huu unaitwaje?
2. Kipimo gani kimeonyesha?
3. Kwa nini unarudi?
4. Nikiona nini nirudi kabla ya tarehe?
5. Ni lini anaruhusiwa kwenda shule?

Swali la tatu ndilo zito. Kama ni mara ya nne mwaka huu mtoto anaambiwa ana taifodi kwa kipimo cha damu cha haraka, au "UTI" bila mkojo kuoteshwa, una haki ya kushangaa. Kipimo cha Widal kinachotumika sana kutafuta taifodi kinajulikana kwa kukosea, hasa kikifanywa mara moja tu. Omba rufaa kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya yenye maabara kubwa zaidi.

Malaria nayo ina ujanja wake. Wakati mwingine hairudi, haikuondoka. Dawa ya mseto ni dozi sita kwa siku tatu: ya pili saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula. Mtoto akishaanza kucheza siku ya pili, vidonge vilivyobaki huwekwa kabatini "kwa ajili ya siku nyingine." Hiyo siku nyingine huja mapema. Na kama dozi ilimalizika sawasawa lakini malaria bado inarudi kila mwezi, angalia chandarua kabla ya kulaumu dawa: kina matundu? Mtoto analala ndani yake, au kinaning'inia tu?

Haya hapa ni magonjwa yanayojificha nyuma ya "anaumwaumwa," ambayo ningeomba yaulizwe:

Selimundu. Wengi huiita sikoseli. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nayo. Mtoto anayelia mifupa na viungo, anayegeuka manjano machoni, aliyevimba vidole vya mikono na miguu akiwa mchanga, apimwe. Wapo waliofika darasa la tatu wakiitwa wavivu kwa sababu ya ugonjwa huu.

Upungufu wa damu na minyoo. Safura hunyonya damu kidogokidogo, na mtoto hulegea bila homa. Dawa za minyoo zinazogawiwa shuleni zinasaidia, ila aliyekuwa nyumbani siku ya ugawaji, ambaye mara nyingi ndiye huyuhuyu mgonjwa wetu, hakupata. Uliza. Kwa walio kando ya ziwa au mashamba ya mpunga, mkojo wenye damu huenda ni kichocho, na dawa yake ipo.

Pumu. Kikohozi kinachokuja usiku na alfajiri, hasa bila homa.

Macho, masikio na meno. Kichwa kinachouma kila baada ya kusoma huenda kinataka miwani. Sikio linalotoa usaha siyo jambo la kungoja likauke lenyewe. Jino moja bovu hukosesha shule wiki nzima, na mzazi huendelea kununua dawa za maumivu mpaka shavu livimbe.

Koo. Mafindofindo yenye homa yanayorudi yatibiwe na daktari mpaka mwisho, kwa sababu maambukizi ya koo yasiyotibiwa huweza kuharibu moyo wa mtoto miaka ya baadaye.

Na gharama? Najua. Sera yetu ya afya humtibu bure mtoto wa chini ya miaka mitano; mwanafunzi wa shule ya msingi kwa kawaida keshaupita umri huo. Ndiyo maana watu hukimbilia duka la dawa. Lakini piga hesabu ya ulichotumia dukani tangu Januari, maana daftari linayo. Mara nyingi utakuta kinazidi gharama ya kumwona daktari mara moja na kufanyiwa vipimo vinavyoeleweka.

Anayeumwa Jumatatu tu

Daftari likionyesha tumbo linauma Jumatatu, linapoa saa nne, halimwumi Jumamosi na wakati wa likizo halipo kabisa, usikimbilie kusema anadeka. Wala usimchape ili "lipone." Tumbo la mtoto mwenye hofu linauma kweli.

Usimuulize "kwa nini hutaki shule?" Atajibu "sijui." Uliza vitu vidogo, mkiwa mnatembea au mnaosha vyombo:

- Unakaa dawati moja na nani siku hizi?
- Hela ya uji huwa unainunulia nini?
- Choo cha shule kikoje?
- Mwalimu gani anachapa sana?
- Njiani huwa mnapita wapi?

Swali la choo halitajwi popote, nalo lina majibu mengi. Mtoto anayekwepa choo kichafu hubana mkojo na haja kubwa, hanywi maji ili asibanwe, kisha anaumwa tumbo na kupata maambukizi ya mkojo kweli. Hapo utaona hofu imezaa ugonjwa halali, na ukitibu kimoja ukaacha kingine utarudi hospitali.

Kwa binti aliyeanza hedhi, angalia tarehe. Akikosa siku zilezile kila mwezi, huhitaji kipimo cha malaria. Anahitaji pedi za kutosha, mahali pa kujisitiri shuleni, na dawa ya maumivu inayotolewa mapema baada ya chakula. Maumivu yanayomlaza kila mwezi yaonwe na daktari. Usimwambie eti ndivyo wanawake tulivyo. Baba anayelea binti peke yake anaweza kumwomba shangazi au mwalimu wa kike asaidie mazungumzo, lakini pedi anunue yeye.

Shuleni: kamwone mwalimu kabla hajakuita

Mwalimu wa darasa ana rejista, na katika rejista kuna alama tu. Bila taarifa kutoka kwako, mgonjwa na mtoro wanafanana.

Siku mtoto asipoweza kwenda, toa taarifa asubuhi ileile: simu, ujumbe mfupi, au karatasi kwa mtoto wa jirani. Ujumbe wa mdomo kupitia mdogo wake wa darasa la kwanza hauhesabiki, atausahau getini. Akirudi, apeleke nakala ya cheti cha hospitali. Nimesema nakala. Halisi ibaki nyumbani.

Kukosa kukizidi, andika barua. Isiwe ndefu, na sioni haja ya kuanza na "husika na kichwa cha habari hapo juu." Mwalimu ana darasa la watoto mia, atasoma kinachomwambia afanye nini. Kwa mfano:

*Mwalimu wa darasa la nne B,*

*Salaam. Mimi ni mama yake Asha. Tangu Januari mwanangu amekosa siku kumi na moja. Hospitali wamegundua ana pumu na ameanza dawa ya kuvuta. Naomba mambo matatu. Kwanza, asipangwe zamu ya kufagia. Apewe kazi isiyo na vumbi. Pili, dawa yake ikae kwenye begi lake, na kifua kikimbana aitumie bila kungoja ruhusa. Tatu, akikosa shule nitakupigia kabla ya saa mbili asubuhi. Naomba uniambie mada mliyofundisha. Nakala ya cheti imeambatishwa. Asante kwa malezi yako.*

Mambo matatu yanatosha. Ukiomba kumi, utapata sifuri. Peleka mwenyewe, baada ya vipindi, siyo asubuhi mwalimu akiwa na chaki mkononi. Na akina baba nao waende. Sijui nani alitunga kwamba ugonjwa wa mtoto ni habari ya mama.

Maswali yanayofuata hapa ni haya.

*"Mwalimu atasema namdekeza."* Huenda akasema. Mpe cheti na daftari, zungumzeni tarehe. Ni vigumu kubishana na tarehe.

*"Lazima nitaje ugonjwa?"* Hapana. Kuna magonjwa ambayo familia haitaki yajulikane, na kwa Virusi vya UKIMWI sheria ya mwaka 2008 inalinda siri ya mgonjwa. Sema "anahudhuria kliniki na daktari ameagiza hivi." Shule inahitaji kujua afanyiwe nini. Ila kwa pumu, selimundu, kisukari na kifafa nashauri ulitaje jina, kwa kuwa siku ya hatari itamkutia shuleni, wewe ukiwa mbali.

*"Amechapwa kwa kutokuja, na alikuwa anaumwa."* Nenda kwa mwalimu mkuu, ukiwa umetulia na nyaraka mkononi. Kwa mwongozo wa mwaka 2002, viboko havizidi vinne, na mwenye mamlaka ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Usipopata ufumbuzi, kuna kamati ya shule, kisha afisa elimu kata. Usiende na majirani kumi kupiga kelele getini; mtoto ndiye atakayebaki pale ukishaondoka.

Shule ijue nini kuhusu dawa

Kwa mwenye selimundu: anywe maji mara kwa mara na aruhusiwe kwenda chooni bila kuhojiwa, maana anakojoa sana kuliko wenzake. Asipewe adhabu ya kukaa juani wala kuzunguka uwanja mbio. Asubuhi za baridi avae sweta hata kama siku hiyo si ya sweta. Akipata homa, maumivu ya kifua au udhaifu wa upande mmoja, ni hospitali, siyo kulazwa kwenye benchi la ofisi.

Kwa mwenye pumu: pampu ya bluu ikae naye, isifungiwe kabatini kwa mwalimu mkuu ambaye huenda yuko semina. Mtoto mdogo asiyejua kuivuta vizuri asaidiwe kwa chupa tupu ya maji ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni tundu la kuenea mdomo wa pampu kwa kubana: anapumulia upande wa mdomo wa chupa. Muuguzi atakuonyesha. Akihitaji pampu ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, arudi kwa daktari. Huenda anahitaji dawa ya kuzuia ya kila siku.

Kwa mwenye kifafa: akianguka alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu, na asitiwe kijiko wala kidole mdomoni. Hali hiyo ikizidi dakika tano, apelekwe hospitali. Mate yake hayaambukizi. Waambie walimu hili waziwazi, kwa sababu wapo watoto wanaoachwa wakijipigiza sakafuni huku darasa zima limekimbilia nje.

Masomo yaliyompita

Mzazi mwenye bidii huazima madaftari ya wenzake na kumkalisha mtoto ananakili kurasa thelathini. Hapa tunapoteza nguvu bure. Kunakili siyo kujifunza, na mtoto aliyetoka kitandani anachoka kabla hajafika kwenye kitu alichokikosa. Fanya hivi badala yake:

1. Siku ya kwanza ya kurudi, aende shule tu. Nyumbani apumzike.
2. Muulize mwalimu au mwanafunzi makini: mada gani, zoezi lipi, jaribio lini.
3. Anza na Hisabati. Aliyekosa kugawanya hawezi kuelewa sehemu. Historia inaweza kungoja Jumamosi.
4. Kwa darasa la kwanza na la pili, kusoma kwanza, kila siku, kwa sauti. Mengine yote yatafuata.
5. Nusu saa kwa siku, mazoezi machache ayafanye mwenyewe. Daftari la mwenzake lipigwe picha, asome.

Kama shule haina kitabu cha kuazima, Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada vya kusoma bure kwenye simu. Kwa anayelazwa mara kwa mara, weka begi la hospitali lenye kitabu kimoja cha hadithi, kimoja cha Hisabati na penseli. Akijisikia, atasoma. Asipojisikia, usimlazimishe, mwenye maumivu hajifunzi.

Twisheni? Kwa mtoto mzima wa afya sina neno. Huyu anayehitaji kulala mapema, twisheni ya saa moja jioni kwenye chumba kisicho na hewa inaweza kumrudisha kitandani. Bora mwalimu mmoja, mara mbili kwa wiki, kwa mada alizokosa tu.

Mtihani wa taifa ukimkuta mgonjwa

Mtihani wa kumaliza darasa la saba hufanyika Septemba. Mtahiniwa akiugua na kushindwa kufanya masomo yote au mengi, taarifa ifike kwa mkuu wa shule siku hiyohiyo pamoja na uthibitisho wa hospitali. Kanuni za Baraza la Mitihani zinaruhusu watahiniwa wa namna hiyo kupewa nafasi ya kufanya mtihani mwaka unaofuata. Kwa hiyo usimkokote mwenye malaria kali mpaka chumba cha mtihani kwa kuogopa kwamba mlango umefungwa. Na mwenye ugonjwa wa kudumu unaohitaji mazingira maalumu, jambo hilo lifikishwe kwa mkuu wa shule miezi mingi kabla.

Kurudia darasa na kupelekwa bweni

Kurudia darasa nakubaliana nako pale tu ambapo ugonjwa umeshajulikana na umetulia. Ukimrudisha la tatu akiwa bado anakosa siku mbilimbili kila wiki, mwakani utakuwa na swali lilelile na mtoto mkubwa kuliko wenzake.

Bweni ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Wapo wanaoamini bweni "litamkomaza." Mtoto ambaye ugonjwa wake haujapata jina, ukimpeleka bweni umemkabidhi matroni mwenye watoto mia mbili na sanduku la panadoli. Subiri. Pata kwanza jina la ugonjwa, dawa inayofanya kazi, na walau muhula mmoja wa utulivu, ndipo uzungumzie bweni.

Kama mwanao ameshafikisha siku kumi mwaka huu, nenda shuleni wiki hii ukaombe kuona rejista yake. Nakili tarehe zote kwenye daftari jipya, kisha panga siku ya kwenda hospitali nalo.